Fundi wa Mkojo Mnene

Gatini pale watu hawakuuliza mashine ya boti ina nguvu kiasi gani wala imetengenezwa lini. Waliuliza inakojoa vipi.

Swali lenyewe si la kijinga. Mashine inayofungwa nyuma ya boti hunyonya maji chini, kwenye mguu wake, kwa pampu ndogo ya mpira. Maji yale hupanda, huzunguka silinda kuzipoza, kisha hurudi yalikotoka. Kiasi kidogo tu hutolewa nje kupitia kitundu cha ubavuni, uzi mwembamba, ili mwendeshaji akigeuza shingo ajue kwamba pampu inafanya kazi. Waliounda mashine hawakukusudia zaidi ya hapo. Lakini wape watu kitu kimoja cha kutazama: watakitazama hicho hicho, wataacha vingine vyote, na haipiti miaka watakuwa wanakishindania.

Aliyewafundisha kukishindania alikuwa fundi mmoja mfupi, kifua mbele, mwenye ovaroli ya bluu aliyoipiga pasi kwa mkono wake kila Jumapili. Walimwita Chemchemi. Jina lilimkaa kooni kama sukari, akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa banda lake. Hakupima nafasi kabla ya kuanza, kwa hiyo herufi ya mwisho ilipanda juu ya bawaba, na kila mlango ulipofunguliwa ilikatika katikati.

Umaarufu ulimjia kwa sababu siku moja alikosa jibu. Miaka kumi na moja nyuma, mwenye boti mmoja alimletea mashine akilalamika kwamba mkojo wake ni mwembamba. Chemchemi akaingiza waya kwenye kitundu, akasukuma, akavuta. Akaweka mdomo akapuliza mpaka masikio yakaziba. Mkojo ukabaki mwembamba, maana ulitengenezwa uwe mwembamba. Mteja alikuwa amesimama hapo hapo, mikono kiunoni, hana dalili ya kuondoka. Chemchemi hakuwa na jibu, lakini alikuwa na drili. Akang'oa kile kinywa kidogo cha shaba kilichokuja na mashine, akapanua tundu, akapachika kipande cha bomba alichokata kwenye friji iliyokufa. Walipoiwasha, maji yakaruka manene kama kidole gumba. Mwenye boti alimkumbatia na ovaroli yake. Kesho yake walikuja watatu.

Toka hapo ukipita gatini asubuhi ungedhani umeingia zizi la punda. Wenye boti walifunga mashine zao ubavu kwa ubavu na kulinganisha. Aliyekuwa na mkojo wa kufika boti ya jirani alitembea polepole siku hiyo ili asalimiwe. Mashine zikafanya kazi msimu mmoja, miwili, halafu zikafa, moja baada ya nyingine, pistoni zimeshikana na silinda kama zimechomelewa.

"Uzee," Chemchemi aliwaambia wafiwa. "Chuma nacho kina umri wake."

Wakakubali, kwa kuwa mkojo ulikuwa mnene hadi siku ya mwisho. "Ilikufa inakojoa," walisema, kwa sauti ile ya kumsifu marehemu aliyemaliza chakula chake chote.

Tusimwonee. Mwizi hakuwa. Mwizi angejua anachofanya, na huyu aliamini kila neno lililotoka kinywani mwake, jambo ambalo kwa mteja lina hasara kubwa zaidi, kwa sababu mwizi unaweza kupatana naye.

Banda halikuwa lake. Lilikuwa la mama mkwe wake, mwanamke aliyeanza gatini hapo akiuza magunia matupu, na sasa alikuwa na boti moja, mabanda mawili, na tabia ya kutomaliza sentensi akiona umeshaelewa. Chemchemi alipomwoa binti yake, mama huyo alimpa banda, bila karatasi na bila kodi. Chemchemi alilichukulia kuwa pendo. Ukweli ni kwamba mwenye boti hupenda fundi akae mahali anapoweza kumwona.

Boti ya mama mkwe ilivusha wafanyakazi kwenda kiwandani ng'ambo, ishirini kwa safari. Mashine yake ilikuwa ya zamani, silinda mbili, aliyoinunua kwa mzee aliyestaafu na kuipenda kuliko jamaa zake kadhaa. Kwa heshima ya ukwe, Chemchemi aliipa bomba nene kuliko zote. Abiria waliokaa nyuma upande wa kushoto walishuka wamelowa goti.

Siku ya Jumanne mama mkwe alisimama mlangoni mwa banda. Hakuingia. Ovaroli ilinyooka yenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine yangu inaungua."

"Haiwezi kuungua, mama. Maji inatoa vizuri sana."

Hapo ndipo ulimi wake ulipokuwa na shida. Na wateja alitaja mkojo toka asubuhi hadi jioni, kwa ishara za mikono. Mbele ya mama mkwe neno lile halikutoka hata kwa koleo. Alisema "maji", alisema "ule mchirizi", na mara moja, alipobanwa, alisema "ile huduma ya pembeni".

"Inakojoa," mama mkwe akasema. "Nimeona. Nahodha wangu ameona. Abiria wameona na wengine wamebadilisha suruali. Sikukuuliza habari ya kukojoa. Jana tumekwenda dakika kumi, ikaishiwa nguvu, ikanuka rangi iliyoungua, ikazima katikati ya maji. Kwa nini?"

"Ni umri, mama. Mashine ikishakuwa..."

"Mimi na hiyo mashine, nani mkubwa?"

Chemchemi alitazama spana aliyoshika, akaona ina kutu kidogo, akaanza kuisugua. Swali lile halikuwa na jibu la kumweka mtu salama.

"Muuza barafu anataka banda hili aweke majokofu," mama mkwe akaendelea, bila kupandisha wala kushusha sauti. "Yeye atalipa kodi. Nimemwambia angoje hadi Jumamosi. Jumamosi nitapanda boti mwenyewe, imejaa watu, kwenda na kurudi. Isiponuka, muuza barafu atatafuta pengine. Ikinuka..."

Akaondoka.

Hofu ni mwalimu mzuri kuliko vyuo vyote vya ufundi. Jumatano Chemchemi alifanya kazi ambayo hakuwa ameifanya kwa miaka: alifungua mguu wa mashine. Bolti zilikuwa zimeganda kwa chumvi. Alizilowesha kwa mafuta tangu alfajiri, akazipasha moto, akazigonga taratibu, akazisemesha kwa adabu asiyowapa wateja. Mguu uliposhuka alikuta impela, lile gurudumu dogo la mpira linalosukuma maji, limejikunja mabawa yote na moja halipo kabisa. Akafurahi kama aliyemkamata kuku wa jirani jikoni kwake. "Ndiye huyu," akamwambia nahodha. Akaweka impela mpya. Akasafisha chujio la maji kule chini, akatoa majani na karatasi ya peremende. Akapitisha siki kwenye njia zote za maji, chumvi ikatoka kama uji. Akafunga, akaitumbukiza mashine kwenye pipa lililojaa maji, akaiwasha. Mkojo ulitoka kwa nguvu ya kumwangusha paka ukutani.

Alhamisi waliipeleka majini, yeye na nahodha, na mifuko ya mchanga badala ya abiria. Nahodha alikuwa mtu mrefu aliyetoa maneno kama anayetolewa damu.

Dakika ya kumi akasema, "Inanuka."

"Ni upepo wa kiwandani," Chemchemi akajibu.

"Upepo unaenda kiwandani."

Nahodha akafungua kifuniko cha mashine, akachovya vidole majini, akanyunyiza juu ya kichwa cha silinda. Maji yakalia chaa, yakarukaruka, yakapotea.

Chemchemi akageuka kutazama ubavuni. Mkojo mnene, safi, wa kupigiwa mfano. Akatazama kichwa cha silinda. Akatazama tena ubavuni. Miaka kumi na moja alikuwa hajaweka hata kidole juu ya kichwa cha mashine inayokimbia. Alikuwa kama tabibu anayepima homa kwa kutazama choo.

"Pampu mpya," alisema polepole. "Njia safi. Maji yanatoka."

"Yanatoka," nahodha akakubali. Akazima.

Jioni alikuwa uani kwake ananawa, povu hadi kwenye viwiko, bomba limefunguliwa hadi mwisho. Mke wake akapiga kelele kutoka jikoni, kama alivyopiga kila jioni tangu wahamie nyumba ile.

"Baba watoto, funga bomba la nje. Huku ndani hakuna maji."

"Nanawa."

"Nawa kwa adabu. Ukilifungua lote hilo la chini, huku juu linabaki linakohoa tu."

Chemchemi hakufunga bomba. Alisimama anayatazama maji yanavyomwagika, povu likimkaukia mikononi. Mke wake alitoka na sufuria mkononi kuja kulifunga mwenyewe, akamkuta amekodoa macho.

"Una nini?"

"Miaka yote hii unaniambia hivyo?"

"Kila siku ya Mungu. Leo ndiyo umesikia?"

Ijumaa alifika bandani kabla ya yeyote, akavuta kopo la maziwa ya unga lililokuwa kwenye rafu ya juu. Ndani yake mlikuwa na vile vinywa vidogo vya shaba alivyong'oa. Hakuwahi kuvitupa, kwa sababu fundi hatupi shaba. Alichukua kimoja, akakizungushia utepe wa mafundi bomba, akakisokomeza ndani ya lile bomba nene la mashine ya mama mkwe, akaiwasha kwenye pipa na kuikanyagia mafuta. Ubavuni ukatoka uzi wa maji, mwembamba, wa aibu, kama wa mtoto aliyesimamiwa. Akaiacha ikimbie robo saa, kisha akanyunyiza maji kichwani. Tone likakaa. Likatetemeka kidogo, likateremka pembeni kama tone la mvua kwenye dirisha.

Akafurahi. Furaha ilidumu muda wa chafya moja. Kisha macho yakarudi kwenye kopo. Kila kinywa cha shaba kilikuwa mashine ya mtu, nyingi zimeshazikwa, na wenyewe alikuwa akisalimiana nao kila asubuhi, wengine wakimwita mkombozi. Akafunika kopo, akalisukuma chini ya benchi kwa mguu, akaweka tairi juu yake. Ya mama mkwe imepona, akajisemea. Hizo nyingine hakuna aliyeniuliza.

Mpango wake ungeweza kufaulu kama kungekuwa hakuna watazamaji.

Jumamosi gati lilijaa. Habari za banda zilikuwa zimezunguka, na watu walikuja kuona fundi anavyohamishwa. Muuza barafu alifika na futi yake ya chuma, akaanza kupima mlango, kwa ustaarabu, akimwomba Chemchemi asogee kidogo. Abiria ishirini walipanda. Mama mkwe akakaa mbele, mwavuli mkononi. Nahodha alisogea pembeni, maana leo fundi aliamriwa kuendesha mwenyewe. Chemchemi akavuta kamba, mashine ikaitika kwa mvuto wa kwanza, na ubavuni ukatoka ule uzi.

Gati zima likapasuka kicheko.

"Chemchemi, imekauka?"

"Hiyo ina homa. Mpelekeni zahanati."

"Ya mkwe wake mwenyewe hiyo. Zetu je?"

"Mwache, ni mashine ya watu wazima. Kibofu kimechoka."

Mama mkwe aligeuza kichwa, akautazama ule uzi, akamtazama fundi. "Ndivyo ulivyoitengeneza?"

"Ndiyo, mama."

"Zamani ilikuwa inakojoa kuliko hivi."

Sentensi moja tu ilihitajika. Alikuwa nayo, tayari, kwenye ncha ya ulimi. Lakini nyuma ya sentensi ile kulikuwa na kopo, na nyuma ya kopo kulikuwa na sura zote zile zilizokuwa zinacheka. Aliona muuza barafu anatabasamu huku akiandika vipimo kwenye kiganja.

"Nipe dakika mbili, mama."

Akachukua koleo, akakichomoa kile kinywa cha shaba, akakitia mfukoni. Mkojo ukaruka kama farasi. Watu wakapiga makofi. Mmoja aliyelowa alifurahi kuliko wote.

Akang'oa nanga. Hesabu yake ilikuwa kwenda polepole, mashine isipate joto, afike ng'ambo, aipumzishe, arudi polepole. Kwa dakika tano hesabu ilikubali.

"Mbona tunakwenda kama tunasindikiza maiti?" mama mkwe akauliza, bila kugeuka. "Hawa wanawahi kazini."

"Nailea, mama."

"Mimi nimeshalea. Ongeza."

Akaongeza. Dakika ya tisa harufu ikaja. Alikohoa ili kuifunika, kana kwamba harufu hufunikwa kwa sauti. Mwavuli wa mama mkwe ukajifunga taratibu. Nahodha alimtazama fundi, akaelekeza kidevu kwenye swichi.

Chemchemi alijua kilichokuwa kinatokea mle ndani kuliko mtu yeyote ndani ya boti. Dakika tatu zaidi na pistoni zingeshikana, na angesema uzee, na wote wangeona mkojo ulivyokuwa mnene hadi mwisho, na pengine wangemwamini. Alifikiria jambo hilo. Alilifikiria kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kisha akazima.

Boti ikaelea. Maji yaligonga mbao.

"Eleza," mama mkwe akasema.

"Mama, hii mashine..." Akatafuta neno lingine, akatafuta tena, hakulipata. "Hii mashine inakojoa kupita kiasi."

Abiria mmoja aliguna. Mama mkwe hakupepesa.

"Endelea."

"Maji ya kupoza kichwa yanamwagika nje kabla hayajafika juu. Tundu lilikuwa dogo toka kiwandani. Nililipanua mimi."

"La mashine hii?"

Akatazama miguu yake. "La zote."

Kutoka benchi la nyuma, upande wa kushoto, mtu aliyelowa magoti akasema, "Mashine ya shemeji yangu ilikufa mwaka jana."

"Pole."

"Ilikuwa inakojoa vizuri sana."

"Najua," Chemchemi akasema. "Ndiko kulikoiua."

Walielea dakika ishirini ikipoa, abiria wakihesabu kwa sauti jinsi watakavyokatwa mshahara na nani aliyesababisha. Yeye alikitoa kinywa cha shaba mfukoni, akakirudisha kwenye bomba mbele ya macho ya watu wote, utepe ukimwangukia majini mara mbili. Akawasha. Uzi ukatoka. Hakuna aliyecheka, walikuwa wamechelewa mno. Wakafika ng'ambo, wakashusha, wakapakia waliotoka zamu, wakarudi kwa kasi ya kawaida. Katikati ya maji mama mkwe alisogea nyuma, akafungua kifuniko kwa mkono wake, akamimina maji kidogo kutoka kwenye chupa yake ya kunywa. Tone likakaa. Alilitazama mpaka likateremka, kama anayekagua noti asiyoiamini.

Gatini muuza barafu alikuwa akingoja mlangoni, futi imekunjwa. Mama mkwe alishuka, akapangusa sketi, akamwita fundi kwa kidole.

"Wakati wa kurudi imenuka?"

"Haikunuka, mama."

"Wakati wa kwenda?"

"Ilinuka."

"Basi nusu," mama mkwe akasema. Akaomba chaki, akaingia bandani kwa mara ya kwanza tangu ampe, akapiga mstari sakafuni toka ukuta hadi ukuta. Mlango ukaangukia upande wa muuza barafu. "Wewe una dirisha. Ukitaka mlango, utatoboa. Kutoboa unajua."

"Na mashine za watu, mama?"

"Utazirudishia matundu yake."

"Kwa malipo?"

"Ulipopanua walilipa?"

"Walilipa."

Mama mkwe alikuwa ameshageukia muuza barafu, na sasa walikuwa wanazungumzia kodi ya nusu banda, ambayo kwa namna fulani ilikuwa inakaribia kodi ya banda zima.

Jumatatu foleni ilifika hadi kwenye maji. Chemchemi alihudumia kupitia dirishani, kopo la vinywa likiwa kwenye kizingiti, tumbo limebanwa na fremu. Wengi walimtukana kwanza, ndipo wakampa mashine. Aliyapokea matusi kama mtu anayepokea mizigo, moja baada ya jingine, anaweka pembeni. Wa tano alikuwa mtu wa makamo mwenye boti mpya ya kijani.

"Punguza," alisema, "lakini isiwe kama ya mkweo. Niachie unene kidogo."

"Unene ndio unaoiunguza, ndugu yangu. Njoo ushike hapa juu, uone palivyo moto."

"Nani atashika hapo juu? Watu wanaona huku pembeni."

"Itakufa."

"Itakufa lini?"

"Msimu huu. Ikizidi sana, ujao."

Mwenye boti ya kijani alifikiri. Akatazama wenzake kwenye foleni, akatazama kile kinywa cha shaba kiganjani mwa fundi, kidogo kama jino la mtoto. "Basi iache ilivyo," akasema. Akarudi kwenye boti yake, akavuta kamba, akaondoka gatini mkojo ukiruka mnene kama mkono, unang'aa juani. Watu kwenye foleni waliutazama mpaka ukapotea nyuma ya boti nyingine. Kisha mmoja akakohoa, akasema amesahau kitu nyumbani, akachukua mashine yake begani na kutoka kwenye mstari.